Setingi za Mkono Wangu

Baba yangu alikuwa na redio ya betri, na kile kitufe cha kutafutia stesheni alikuwa amekifunga kwa mpira wa baiskeli ili kisisogee. Tulikaa Kilosa. Yeye alikuwa mkaguzi wa njia ya reli, na akirudi jioni alitaka awashe tu asikilize, asianze kutafuta. Mama naye mchana anaufungua ule mpira, anasikiliza taarabu yake, halafu anarudisha. Alijiwekea alama kwa ukucha ajue mshale ulikuwa umesimama wapi. Siku moja akakosea, kidogo tu, kama unene wa uzi. Baba akawasha akakuta mluzi. Hakugomba. Alikaa na ule mluzi mpaka muda wa taarifa ya habari ukaisha, ndipo akazima akaenda kuoga. Sisi watoto tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Shule niliishia darasa la nne. Kusoma kwangu ni kwa kubabaisha, ila herufi nazijua kwa umbo, tumbo la B na mkia wa R, na hizo ndizo zilizonilisha. Nilikuwa mwandika mabango: saluni, duka la dawa, ubavu wa lori. Nilifanya hivyo miaka arobaini na ushei. Brashi zangu sikuazimisha mtu. Ukimpa mwenzio brashi anakurudishia imelalia upande wake, unakwenda kuandika "Karibuni" inatoka kama imeandikwa na mgeni. Wakaniita mchoyo. Sawa, nilikuwa mchoyo, na mke wangu Mungu amrehemu alilisema hilo kwa mambo mengine pia, lakini hayo siyasemi hapa.

Texas nilikuja kwa binti yangu, anakaa Lewisville, anafanya kazi ofisi moja kubwa kule Plano. Mchana kutwa nilikuwa peke yangu ghorofani na wajukuu wakirudi wananijibu Kiingereza. Nikaanza kununa. Ndipo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, akasema nihamie kwake Pearland, pembeni ya Houston. Yeye ni mtu wa hospitali, lakini gerejini kwake ameweka mashine ya kuchapa mabango, na mwisho wa wiki anawachapia watu wetu wa Houston: harusi, ubatizo, misiba. Wabongo, Wakongo, Wakenya, wote wanakwenda kwake. Akasema, mjomba, wewe uchore sura, mimi nichape. Njia nzima ndani ya gari nilikuwa nawaza rangi tutanunua wapi. Nilipofika nikakuta hakuna rangi. Kuna tableti kubwa kama sinia na kalamu isiyo na wino.

Wiki ya kwanza nusura niipige teke. Nikilaza kiganja, picha nzima inazunguka. Kidole gumba kikigusa kitufe cha kalamu, menyu inaruka usoni. Nikikandamiza, mstari unatoka mnene ghafla, nikilegeza unapotea. Kibaya zaidi, nikivuta mstari wangu, ile programu inaunyoosha. Inasubiri nipite halafu inakuja nyuma yangu kunisahihisha kama mwalimu.

Mpwa wangu akacheka, akanifungulia mahali panapoitwa setingi. Ni orodha ndefu ya visanduku vya kuweka tiki. Nilikaa humo siku kumi na nne, nasema kweli, kumi na nne. Kwa kuwa Kiingereza chake sikisomi, nilihesabu. Kisanduku cha tatu kutoka juu, mguso wa kiganja, toa tiki. Cha saba, kitufe cha kalamu, zima. Kuna mahali pana mstari unaoupinda kwa kidole kuiambia mashine uzito wa mkono wako. Ule niliupinda na kuupindua mpaka ukanikubali. Kunyoosha mistari nikakuondoa kabisa. Karatasi nyeupe ikaniumiza macho, nikaiweka rangi ya ukuta wa saruji. Kuna na sehemu ya kusema unataka ufute makosa mangapi kurudi nyuma. Yeye aliweka mia mbili. Mimi nikaweka moja.

"Mjomba," akaniambia, "hii programu umeitia jela."

Nikamwambia huko jela ndiko inakojifunza adabu. Kila kitu nilikichora kwenye daftari la shule, mraba na tiki, mraba bila tiki, ili kikivurugika nikirudishe. Tangu hapo nikachora. Nilichora marehemu na maharusi, na sikuwahi kusikia mtu akisema huyu siye.

Sasa kulikuwa na mama mmoja. Alikuwa Mkongo, mtu wa Bukavu, alikuja kama mkimbizi na akawa anatunza wazee katika nyumba moja jirani na kwetu. Jumamosi alipita kuniletea sombe, ambayo mimi naiita kisamvu, na tulibishana kuhusu karanga: yeye hakutia, mimi kisamvu bila karanga naona ni majani tu. Jicho lake la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia, kope limeshuka, tangu kuzaliwa. Siku moja ananitazama nikichora akasema, kwa Kiswahili chao:

"Siku utanichora, usiguse ile jicho. Uiache vile iko. Watoto yangu wananijua na ile."

Nikamwambia wewe hufi leo. Akasema anajua hafi leo, anasema siku itakapofika. Nikamwahidi.

Alipofariki, binti zake walikuja wenyewe kuagiza bango la siku ya kumaliza matanga. Nililichora hilo jicho siku mbili. Kwa mkono mwingine lingekuwa jicho la usingizi au la mlevi. Lake lilikuwa jicho linalopima kama unasema kweli. Lilipotoka niliinuka nikaenda kusimama nje. Ilibaki nguo tu. Alipenda kitenge chenye maua makubwa, na maua yale ni kazi ya kuchosha, na binti yangu alikuwa amepiga simu anafanyiwa upasuaji mdogo, nikakae na wajukuu wiki moja. Nikamwambia mpwa wangu, nimalizie kitenge, uso usiuguse. Akasema, sawa mjomba. Kosa hilo ni langu. Mtu niliyewanyima watu brashi miaka arobaini, nikaacha kazi katikati kwa mtu mwingine.

Siku yenyewe binti yangu, ameshapata nafuu, alinishusha Houston kwa gari, tukafika ukumbini mchana watu wanapanga viti. Bango lilikuwa bado limekunjwa. Wajukuu wa marehemu wakalivuta juu kwa kamba, likafunguka.

Macho yalikuwa sawasawa. Mawili makubwa, yamefunguka vizuri, kama ya msichana wa tangazo la sabuni. Mvi alizokuwa nazo upande mmoja wa paji zilikuwa pande zote mbili, zimetoka kama pembe. Mistari yangu yote imenyooshwa.

Binti mkubwa wa marehemu alisogea mpaka chini ya bango. Halafu akasema, taratibu tu, "Huyu haiko mama yetu."

Nilimshika mpwa wangu mkono nikamtoa hadi kwenye maegesho. Hakuficha. Alisema kalamu kwa setingi zangu ilimshinda, mkono wake mwepesi haukuandika kitu, akafuta zote akarudisha za kiwandani. Akawasha kile kinachoitwa kioo, unachora upande mmoja na wa pili unajichora, maua ya kitenge yakaisha kwa saa moja. Alipoutazama uso akaona macho hayalingani. Mama mwenyewe alikuwa akipishana naye tu mlangoni, akadhani nimetetemeka. Akachukua upande wa kulia akaupeleka kushoto, na mistari yangu akaipitia upya ikanyooka.

Nikamuuliza picha yangu iko wapi.

"Nime-save juu yake, mjomba."

Alisema hivyo akiangalia magari. Halafu akaniomba. Watu wote walioagiza harusi za kiangazi walikuwa mle ndani, na yeye mtu mzima ana jina lake. Mimi ni mzee, nikisema mkono ulitetemeka hakuna atakayenilaumu. Nilimwambia mimi naingia kusema kweli.

Nikaingia. Nikamwendea yule binti mkubwa, nikamwambia jicho la mama yako nililichora, nililichora lilivyo, aliniambia nisiliguse na sikuligusa.

Akanitazama. Yeye alikuwa amerithi jicho la kulia la mama yake, kwa macho yote mawili. "Sasa iko wapi, mzee?"

Nimwambie limo ndani ya sinia huko Pearland, chini ya jicho jingine, na hakuna wa kulifukua? Mpwa wangu akaja nyuma yangu akaniwekea mkono begani, kwa upole, kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Mumsamehe mjomba wangu," akawaambia. "Siku hizi mkono unamtetemeka, na hapendi kukubali."

Wakanisamehe papo hapo. Hilo ndilo lililonimaliza. Mama mmoja akaniambia pole mzee, mwingine akanivutia kiti, mwingine akaniletea soda na kunifungulia, ili nisiimwage. Yule binti mkubwa akanishika vidole, akavitazama kama vinatetemeka, na kweli wakati ule vilikuwa vinatetemeka.

Soda niliiweka juu ya kiti. Nikapita katikati ya watu, nikatoka mlango wa jikoni. Binti yangu akanifuata na funguo za gari bila kuuliza. Nguo zangu ziko Pearland, na daftari langu liko kule, na mpwa wangu alipiga simu mara nyingi mwaka ule. Sijarudi.