Sahihi ya Tatu

Annah Mukonyo alianza kazi katika kampuni moja ya bima katikati ya jiji mwaka wa 1984. Kazi yake ilikuwa kuchapa majina ya wateja kwenye kompyuta kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Wenzake walipotoka kwenda kula, yeye alibaki na vitabu vya maelezo vilivyoletwa pamoja na mashine, akavisoma huku akila viazi vitamu kutoka kwenye mkebe. Baada ya miaka mitatu aliweza kuandika programu. Baada ya miaka sita, nusu ya kazi za kampuni ile zilipita katika programu alizoziandika. Cheo chake hakikubadilika.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1997, mkuu wa idara ya kompyuta alitangaza kwamba angestaafu mwisho wa mwaka. Meneja alimwita Annah na kumwambia kwamba kiti kile kilikuwa chake kwa haki, ila halmashauri haingempa mtu asiye na karatasi.

"Niletee diploma ya uzamili kabla ya Desemba," alisema. "Bila hiyo nitakutetea kwa nini?"

Ndivyo nilivyomfahamu, maana alijiandikisha katika chuo nilichokuwa nikisoma. Mimi nilikuwa nimemaliza digrii mwaka uliotangulia na sikuwa nimepata kazi. Kozi yetu ilihusu utengenezaji wa programu za kompyuta na usimamizi wa miradi yake, na ilifundishwa Jumamosi. Annah hakuwa na digrii; chuo kilimkubali kwa uzoefu wake wa kazi. Alitoka Uthiru, pembezoni mwa jiji, asubuhi na mapema, akaketi mbele kabisa, na kwa kuwa kifungua mimba wake, Mwanzia, alikuwa tayari sekondari, sisi sote tulimwita Mama Mwanzia.

Mhadhiri wetu, Bwana Shiraz, alikuwa amesimamia miradi ya maofisini kwa miaka mingi. Siku ya kwanza alibandikia kila kikundi ukutani karatasi ndefu yenye visanduku, kila kisanduku wiki moja ya kazi. Kazi ikimalizika kwa wakati, msimamizi wa kikundi alipaswa kupaka kisanduku rangi ya kijani. Ikichelewa, nyekundu.

"Tatizo haliui mradi," alisema. "Kinachoua mradi ni tatizo lililofichwa. Paka nyekundu mapema, nami nitakuheshimu."

Annah aliyaandika maneno hayo katika daftari lake na kuyapigia mstari.

Ili kuhitimu, kila kikundi kilitakiwa kumtengenezea mteja wa kweli programu inayofanya kazi. Mwishoni, mteja, mhadhiri na wanakikundi wangetia sahihi fomu ya kuthibitisha kwamba kazi imekamilika. Mwanakikundi asiyetia sahihi alihesabiwa kuwa hakumaliza kozi. Katika kikundi chetu tulikuwa watatu: Annah akiwa msimamizi, Jamleck, karani wa benki mwenye maneno mengi, na mimi. Mteja wetu alikuwa Balbir Singh, mwenye duka la vipuri vya magari pale Dagoretti Corner. Alitaka kompyuta imwonyeshe kilichomo stoo bila yeye kuinuka kwenye kaunta.

Tulikuwa tumefundishwa kwamba mahitaji ya mradi hutolewa na mwenye mamlaka, maana yeye ndiye anayetia sahihi. Basi tulimsikiliza Balbir. Alitueleza biashara yake kwa saa tatu, akatupa chai ya tangawizi, akatia sahihi kila ukurasa. Kisha akatupa fotokopi za kadi za stoo, nasi tukaingiza hesabu zote kwenye kompyuta. Stoo yenyewe hatukuingia. Mzee Haron, aliyeitunza kwa miaka kumi na tisa, tulimwamkua tu mlangoni tukipita.

Wiki ya tisa Annah alikwenda peke yake kulinganisha hesabu na rafu. Alitusimulia yote Jumamosi iliyofuata.

"Madam, umepotea?" Haron alimuuliza. "Chai iko huko mbele."

"Leo sikuja kwa chai, mzee. Natafuta beringi hizi. Kadi inasema ziko arobaini, mimi nahesabu ishirini na sita."

"Ziko arobaini. Kumi na nne zimeenda kujaribiwa."

Haron akamweleza. Fundi wa gereji akija na gari lisilojulikana limefungwa kipuri gani, Haron humpa kipuri akakijaribu. Kikikubali, fundi hurudi kulipa, kikikataa, hukirudisha. Haron hakukifuta kwenye kadi mpaka kilipwe. Alikunja tu pembe ya kadi, na nyuma yake akaandika kwa penseli jina la fundi. Fotokopi zetu zilikuwa za upande wa mbele.

"Singh anajua?" Annah aliuliza.

"Anajua mafundi hawatuhami. Hiyo ingine hajawahi kuuliza. Sasa hiyo mashine yenu ikisema arobaini, na kwa rafu ni ishirini na sita, nani ataitwa mwizi? Si ni mimi?"

Jumamosi hiyo Annah alichukua penseli nyekundu, akaenda ukutani na kupaka visanduku vinne. Programu ilihitaji mahali pa kuandika vipuri vilivyotoka kujaribiwa, na hilo lingebadilisha karibu kila sehemu tuliyokuwa tumeijenga. Ukuta wote ulikuwa wa kijani isipokuwa karatasi yetu.

Bwana Shiraz alituita kando. Sikumwona amekasirika. Alionekana kama mtu anayeona haya kidogo.

"Mama Mwanzia, hili umeligundua vizuri," alisema. "Lakini watahini kutoka nje wanakuja tarehe kumi na tano Novemba, na siwezi kuwasogeza. Wataangalia programu kwa dakika ishirini. Chagueni vipuri thelathini visivyo na matatizo."

"Na mteja, mwalimu? Atabaki na programu hii."

"Mtairekebisha baadaye."

"Nani atairekebisha tukishahitimu?"

"Niliyoyasema siku ya kwanza ni ya kazini," Bwana Shiraz akajibu. "Hapa kuna mtihani."

Chuo kiliruhusu kikundi kubadilisha msimamizi ikiwa wengi wangekubaliana kwa barua. Jamleck aliiandika barua hiyo Jumatatu, yeye mwenyewe akiwa msimamizi mpya. "Si kwa ubaya," aliniambia. "Tunamsaidia. Yeye ndiye anahitaji hii karatasi kuliko sisi." Nilikubaliana naye, nikatia sahihi. Kisha tukachagua kadi thelathini ambazo hazikuwa na pembe iliyokunjwa. Kazi hiyo niliifanya mimi, na niliifanya kwa makini.

Watahini walikuja dukani, wakafurahi. Mmoja alichagua kipuri kimoja, akahesabu vilivyokuwa kwenye rafu, akatazama kompyuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Balbir alisimama nyuma yao akitabasamu. Haron hakuitwa. Fomu ililetwa, Balbir na Bwana Shiraz wakatia sahihi, Jamleck akatia, nami nikatia. Annah aliishika kalamu kwa muda mrefu.

"Mama Mwanzia, weka tu," Jamleck akamnong'oneza. "Mwaka ukiisha wewe ni mkubwa wa idara. Utatukumbuka."

"Hapa imeandikwa kwamba programu imekamilika."

"Ni maneno tu ya fomu."

"Kazini kwangu mtu akitia sahihi maneno ya fomu, mjane hulipwa au halipwi," alisema, akairudisha kalamu mezani. Mimi nilitazama pembeni.

Jamleck na mimi tulihitimu kwa daraja la kwanza. Kwenye orodha, mbele ya jina la Annah waliandika kwamba hakukamilisha. Alimweleza meneja kila kitu, tangu kadi hadi kalamu. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akamsifu kwa uaminifu wake, kisha akauliza, "Lakini karatasi iko wapi?" Kufikia Krismasi kampuni ilikuwa imeajiri mtu kutoka nje.

Mwisho wa Desemba Balbir alihesabu mali yake kwa kutumia kompyuta. Kadi za zamani zilikuwa zimechomwa kompyuta ilipoanza kutumika, na majina ya penseli pamoja nazo. Hesabu zilipishana karibu kila rafu. Haron alifutwa kazi siku hiyohiyo, na walioshuhudia dukani walisikia neno alilokuwa akiliogopa.

Annah alinipigia simu Januari. Kufikia wakati huo nilikuwa nimepata kazi kwa sababu ya lile daraja la kwanza.

"Jumamosi naenda kwa Singh," alisema. "Nataka twende wote. Wewe ndiye uliyezichagua kadi. Ukisema, atasikia."

"Nitakuja, Mama Mwanzia."

Sikwenda. Nilijiambia kwamba mambo yalikuwa yamekwisha haribika, na kwamba mwajiri wangu mpya alikuwa akifahamiana na Balbir. Yote mawili yalikuwa kweli.

Alikwenda peke yake. Alimweleza Balbir habari ya mafundi na pembe za kadi, akamwomba aite mafundi wa gereji tatu tu awaulize. Balbir alimsikiliza kwa heshima, akaifungua droo, akatoa fomu.

"Mama, wenzako wawili waliweka sahihi kwamba hii kitu ni sawa," alisema. "Mwalimu wenu pia. Wewe ulikataa kuweka, na chuo kikakuangusha. Sasa unakuja kwangu kama nani?"

Annah akaaga. Kabla ya kupanda gari alipita nyumbani kwa Haron, na alichomwambia huko sijui.

Jumatatu nilimpigia simu ofisini ili nimwombe radhi. Alipokea mwenyewe.

"Siwezi kuongea sasa," alisema kwa adabu. "Mkuu wetu mpya ameripoti leo, na nimeambiwa nimfundishe kazi."

Akasubiri nikate simu kwanza.