Muhuri Uliohamia Ukurasa wa Kumi na Tano

Ni Jumapili, tarehe tisa ya mwezi wa pili, saa kumi na dakika tano za jioni. Katika chumba cha juu kabisa cha jengo la wapangaji, mwanamume wa miaka hamsini na miwili anatandika taulo mezani, anachovya kidole kwenye maji na kugusa pasi. Pasi inalia chwii. Anapunguza moto, anasubiri, anagusa tena. Safari hii haisemi kitu.

"Huo ndio moto wa hariri," anaeleza leo, akionyesha kidole kilekile. "Hariri ukiipa moto wa pamba umeiua. Kwa hiyo mtu asije akasema nilikuwa sijui ninachofanya. Nilikuwa najua sana."

Ila kilicholala juu ya taulo hakikuwa hariri. Kilikuwa pasipoti yake ya zamani.

Kazini wanamwita Mzee Ukosi, maana kila shati huanzia ukosini. "Ukosi ukikaa, shati limekaa," husema, na asiyekubali humwachia meza ajaribu. Ni mwaka wa tisa sasa yuko nchi ya watu, katika kiwanda cha dobi kinachofulia mahoteli na mahospitali. Anasimama tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa mchana, mbele ya meza ya mvuke, na kwa zamu moja hupitisha mashati mia na themanini. Mikono yake, toka kwenye viganja hadi viwiko, ina mabaka ya mvuke kama ramani ya nchi isiyojulikana.

Shule aliishia darasa la nne. Lakini kusoma anasoma, na barua ya uhamiaji aliisoma mara tatu.

Pasipoti yake ilikuwa imeisha muda. Mwezi wa kwanza ubalozi wa kwao ulimpa mpya, ya zamani wakaikata pembe kuonyesha imekufa, wakamrudishia. Tatizo ni kwamba muhuri wa ukaazi, ule unaomruhusu kuishi, kufanya kazi, kutoka na kurudi, ulibaki ndani ya ile iliyokufa, ukurasa wa kumi na nne. Ilibidi aende uhamiaji wauhamishie kwenye mpya. Barua ikamwambia aje Jumatatu, na pasipoti zote mbili, "zikiwa katika hali nzuri."

"Hali nzuri!" anasema, na kicheko chake kinafanana na kikohozi. "Sasa wewe mwambie mpiga pasi alete kitu kikiwa katika hali nzuri. Unategemea afanye nini?"

Pasipoti ile ilikuwa imekaliwa kwenye mfuko wa nyuma, ikalaliwa chini ya godoro, ikanyeshewa mara mbili. Kurasa zilikuwa zimejikunja kama sikio la mbuzi. Akaona ni utovu wa adabu kumpelekea afisa wa watu kitu kama kile. Akaweka kitambaa chenye unyevu juu ya kila ukurasa, akanyoosha mmoja mmoja. Wa kwanza, safi. Wa tano, safi. Alipomaliza wa kumi na tatu na kuufunua kutazama mgongo wake, yaani ule wa kumi na nne, nailoni nyembamba iliyofunika muhuri ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa, na wino wa zambarau haukuwepo.

Ulikuwa umegandia ukurasa wa kumi na tano, wote, herufi kwa herufi, kinyumenyume.

"Nilikaa chini," anasema. "Sikulia. Niliangalia tu ile pasi, nikaona nayo inaniangalia."

Asiyejua atasema muhuri tu huo, si atagongewa mwingine. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mzee Ukosi ana kitinda mimba wake, msichana wa miaka kumi na mmoja, anayelelewa na mama mkwe. Mtoto ameombewa kibali cha kumfuata baba, na kibali kimechukua miaka miwili kutoka. Kinasema lazima baba mwenyewe aende kumchukua na waingie pamoja kabla ya tarehe thelathini ya mwezi wa nne. Ikipita, anaanza upya, na foleni ya watoto, wameambiwa, sasa ni miaka mitatu. Mama mkwe ana miaka sabini na sita, na macho yameanza kumwacha. Baba bila muhuri kwenye pasipoti mpya anaweza kutoka. Kurudi ndiyo hadithi nyingine.

Na Mzee Ukosi anazijua hadithi za karatasi. Miaka mitatu iliyopita mke wake aliugua huko nyumbani wakati pasipoti ya mume imo kwenye droo ya uhamiaji, ikingoja saini ya kuongezewa muda. Ilikaa wiki kumi na moja. Aliomba aazimwe, neno lake ndilo hilo, aazimwe kitu chake mwenyewe kwa siku nne tu. Wakamwambia mwenye ufunguo wa droo yuko likizo.

"Mke wangu alikufa Alhamisi," anasema. "Mwenye ufunguo alirudi Jumatatu. Amenenepa."

Hilo hataki kulizungumzia zaidi. Anachukua shati la mtu kwenye kapu, analipiga pasi, ingawa ni siku yake ya mapumziko.

Jumatatu, tarehe kumi, alifika uhamiaji kabla mlango haujafunguliwa. Ukumbi ule una madirisha kumi na mawili na benchi moja. Waandika kanuni hawajawahi kusimama kwenye foleni zao. Wangesimama, wangeongeza hata benchi la pili. Alipofika dirisha namba nne, afisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, alifungua pasipoti ya zamani.

"Mzee wangu, hii umeifanyaje?"

"Nimeinyoosha, dada."

"Umeinyoosha na nini?"

"Na pasi, dada. Lakini moto mdogo."

Afisa alivua miwani. Akamwita mwenzake wa dirisha namba tano, naye akamwita wa namba sita, na kwa dakika kadhaa foleni tatu zikasimama watu wakitazama kurasa mbili. Hakuna aliyegomba. Hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Walikuwa wapole kama wauguzi.

"Ukurasa wa kumi na nne hauna muhuri," afisa akasema.

"Si huo hapo wa kumi na tano?"

"Huo wa kumi na tano hatukuugonga sisi."

"Sasa aliugonga nani, dada?"

"Wewe, mzee wangu."

Alitakiwa alete barua ya ubalozi kuthibitisha kwamba pasipoti imeharibika kwa bahati mbaya. Ubalozini, kijana mwenye tai alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia hawawezi kuandika barua hiyo. Ile pasipoti walishaibatilisha wao wenyewe, na kitu kilichobatilishwa hakiwezi kuharibika.

"Maiti haiumwi, mzee," alisema yule kijana, akatabasamu kana kwamba amempa zawadi.

Akarudi uhamiaji. Wakamwambia basi ubalozi uandike kwamba hauandiki. Akarudi ubalozini. Wakamwambia barua za kukataa hutolewa kwa maombi ya maandishi kutoka uhamiaji. Akapigwa danadana hivyo wiki tatu, akibadilishana zamu na wenzake, akipoteza ujira wa siku saba. Kompyuta za pande zote mbili zilimjua. Jina lake lilikuwemo, sura yake ilikuwemo, miaka yake tisa ilikuwemo. Kila dirisha lilikubali kwamba yeye ni yeye. Kilichogomba ni karatasi.

"Ilifika siku nikawa nasimama njia panda sijui niende kulia au kushoto," anasema. "Nauliza, leo ni zamu ya nani kunikataa?"

Kiwandani habari zilishaenea. Anayemfuata kwenye mstari wa kazi ni mjane mmoja mkunja mashuka, ambaye wote wanamwita Mama Mikunjo, na mdomo wake haujawahi kufungwa kwa likizo.

"Ee Ukosi! Watu wanapiga serikali kwa mawe, wewe umeipiga pasi!"

"Cheka tu, mama."

"Nisicheke nina nini cha kufanya? Hebu ilete hapa niione hiyo maiti yako."

Alimpa wakati wa chai. Mama Mikunjo aliifungua ukurasa wa kumi na tano, akaitazama, akaigeuza, akaigeuza tena. Halafu akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa kioo kidogo cha kujitazamia, akakisimamisha pembeni mwa ukurasa.

"Soma," akasema.

Kila kitu kilikuwemo. Jina, tarehe, namba ya kibali, na chini kabisa, kazi: mpiga pasi.

"Lakini mama, hawataniruhusu na kioo."

"Wewe uliambiwa na nani? Ulishawauliza? Nyinyi wanaume mnapenda kukataliwa kabla ya kuomba." Akamfungia kiganja juu ya kioo. "Na usinivunjie. Nacho nakihitaji Jumapili."

Tarehe sita ya mwezi wa tatu alikisimamisha kile kioo kwenye kaunta ya dirisha namba nne. Afisa mwenye miwani ya kamba aliinama, akasoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akasema hakuna kanuni ya kioo. Mzee Ukosi akamjibu kwamba hakuna kanuni inayokataza kioo vilevile. Afisa akabeba pasipoti, kioo na miwani yake, akaingia chumba cha nyuma walikokaa wakubwa.

Alikaa humo dakika arobaini. Anayeuza uvumilivu angefungua duka pale.

Alipotoka, pasipoti mpya ilikuwa na muhuri mpya. Wino wa zambarau, nailoni inayong'aa, mwelekeo sawasawa. Mzee Ukosi hakuamini. Aliuuliza ule muhuri, kwa sauti, kama ni wenyewe. Mtu wa nyuma yake kwenye foleni akampigia makofi.

"Usiupige pasi, mzee wangu," afisa alisema, naye akacheka kwa mara ya kwanza.

"Na ile ya zamani, dada?"

"Ya zamani tumeichukua. Ukishahamishiwa muhuri, ya zamani huingia kwenye mashine, inachanwachanwa. Ndio utaratibu."

Alitembea hadi nyumbani kwa miguu, anasema, kwa sababu alikuwa na furaha na furaha haitaki nauli. Alinunua chupa ya soda ampelekee Mama Mikunjo pamoja na kioo chake. Akamwambia msimamizi anaomba ruhusa ya siku kumi mwezi wa nne. Msimamizi, ambaye hana tabia ya kukubali, alikubali.

Ilikuwa jioni ileile, akiwa amekaa kitandani, alipotoa kibali cha mtoto akisome tena kwa raha zake. Mstari wa tatu unasema kibali hiki kimetolewa kwa mtoto wa mwenye pasipoti namba fulani. Akafungua pasipoti yake mpya kulinganisha. Namba si ile.

Namba ile ilikuwa ya pasipoti iliyokwenda mashineni.

"Nilisoma mara mbili. Nikasema hapana, ni macho. Nikasoma kwa kidole."

Mambo ya watoto ni dirisha namba tisa. Huko kuna mwanamume mwenye sauti ya chini, anayeandika kila neno unalomwambia. Alisema kubadilisha namba kwenye kibali cha mtoto ni jambo dogo, dakika kumi. Mzazi alete tu pasipoti yenye namba ya zamani.

"Mmeichana nyinyi," Mzee Ukosi akamwambia.

"Waliichana dirisha namba nne," akasahihisha yule bwana, akaliandika na hilo.

Dirisha namba nne, afisa mwenye miwani ya kamba alishika kichwa. Hakukana. Alisema mzee alipaswa kushauriwa aweke nakala, na alipoulizwa nani alipaswa kumshauri, akavua miwani akaifuta. Ubalozini, kijana mwenye tai alisema wanaweza kuandika barua kwamba mwenye namba ya zamani na mwenye namba mpya ni mtu mmoja, ila barua hiyo huambatanishwa na pasipoti ya zamani. Watu wote hawa wanalipwa mshahara kila mwisho wa mwezi, na hakuna hata mmoja aliyetenda kosa. Kila mmoja alifuata utaratibu wake mpaka mwisho. Ndivyo wanavyoua watu, wenye vyeo: kwa kufuata utaratibu.

Leo, mwanzoni mwa mwezi wa nne, zimebaki siku ishirini na sita. Mzee Ukosi amekwisha kata tiketi. Atakwenda hata kama hawajamjibu, kwa kuwa safari moja alishangoja jibu na anajua lilimgharimu nini. Mpango wake ni kumchukua binti yake, warudi pamoja, wasimame mbele ya afisa wa mpakani, na amwambie huyu ni mwanangu, tazama pua. Anaamini pua itatosha. Kuna siku anaamini, kuna siku hajui anaamini nini.

Chumbani ameshaweka kitanda cha pili, upande wa dirisha. Shuka lake amelipiga pasi mara nne.

Juzi alipiga simu nyumbani. Mama mkwe alimweleza mtoto hali ilivyo, naye akachukua simu kutoka mkononi mwa bibi yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeshakula?"

"Nimekula. Baba, mwalimu anauliza nahama lini."

"Mwambie bado kidogo. Kuna karatasi."

Mtoto akauliza swali. Mzee Ukosi alilipeleka dirisha namba nne, akalipeleka dirisha namba tisa, akalipeleka ubalozini. Kote wamelisikiliza kwa upole, na mmoja wao ameliandika. Mpaka gazeti linakwenda mitamboni hakuna aliyelijibu, baba yake akiwemo.

"Kama mimi ni mtoto wa ile pasipoti waliyoichana," alisema, "basi wewe mwenye hiyo mpya, wewe ni nani yangu?"