Miwani Isirudi Nyumbani

Saa moja na nusu asubuhi. Mhudumu wa wodi ya upasuaji hajavua hata viatu vya njiani, tayari ameinamia droo ya kitanda namba saba. Tupu. Anaguna.

Kitandani, fundi cherehani wa miaka sabini na minane, aliyepasuliwa nyonga jana, anavuta mpira wa dripu. Anataka aachiwe aende dukani, wateja wanamngoja. Binti yake amesimama pembeni, ameshika kichwa. Baba amemwita mwizi.

Mhudumu anamuuliza miwani ya mzee iko wapi, na kile kifaa cha masikioni.

"Nilivipeleka nyumbani, dada, visije vikaibiwa."

"Kavifuate. Sasa hivi."

Wodini wanamwita Bi Miwani, naye jina halimkeri. Kwa miaka kumi na tisa amepiga deki, amebeba mabakuli na kugeuza wagonjwa. Lakini kazi anayoionea fahari haimo kwenye barua yake ya ajira: mzee akizinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, aone, asikie, ajue ni siku gani.

Somo hilo alilipata kwa baba yake, alipopasuliwa miaka sita iliyopita. "Mimi ndiye niliyebeba miwani yake nikaifungia kabatini, nikajiona mwerevu kweli," anasema. Kwa siku kumi na moja mzee hakumtambua bintiye, akimdhani ni nesi. Nyumbani alirudi, akili haikurudi yote, na akafa bila kumtaja tena kwa jina.

Daktari wa dawa ya usingizi alimweleza kwamba chanzo cha kuchanganyikiwa huko huwa si kimoja: umri, maumivu, dawa, homa, kukosa maji na usingizi. Ila asiyeona wala kusikia hana pa kujishikiza. Hakumlaumu. Bi Miwani alikwisha kujilaumu vya kutosha, na mpaka leo inamuuma.

Na Alhamisi hii, mama yake mzazi wa miaka themanini na miwili anapasuliwa utumbo, atalazwa wodi hiihii. Ndugu zake wameshapanga nani abebe vitu vya mama arudi navyo nyumbani. Amewaambia wathubutu waone.

Binti wa fundi anarejea akihema. Bi Miwani amekwisha kumwita nesi apime maumivu na homa. Anafuta miwani kwa upindo wa gauni, anamvisha mzee, anamwekea kifaa sikioni, anafungua pazia.

"Leo Jumanne, baba. Uko hospitali, nyonga imetengenezwa. Huyu ni binti yako."

Miujiza hakuna. Mzee anauliza yuko wapi mara tatu, na mara tatu anajibiwa, bila kufokewa. Anapewa maji kidogo kidogo. Mchana anasinzia.

Saa tisa anainua ncha ya shuka, anaisogeza karibu na macho.

"Mwanangu, hebu ona. Upindo huu kashona nani? Umekwenda upogo."

Binti anacheka huku machozi yakimtoka. Bi Miwani anachukua ndoo yake, anaendelea na deki.

Alhamisi ameomba ruhusa. Hatavaa sare, atakaa kitandani kwa mama kama mtoto mwingine yeyote, na miwani mkononi. Jana usiku mama alimuuliza itakuwaje akizinduka asimjue, kama baba yao.

"Nikamwambia, mama, utaniuliza mimi nani, nitakwambia. Ukiuliza tena, nitakwambia tena."