Tulisubiri Kifafa Kikatike Chenyewe

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kwamba jirani yangu wa Pangani, hapa Kibaha, yule mama mtafiti, amefariki kwa presha. Wasomaji wangu wengi hamkumjua. Mtaani waliomjua walimwita Mama Panya, kwa kejeli, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwachoma panya wa maabara sindano ili wapate kifafa. Si kile cha kuanguka na kuzinduka. Alitafiti kile kirefu, kinachomkamata mtu kisimwachie, mpaka ubongo unaumia.

Siku moja nilimuuliza kama hawaonei huruma. Akaweka kikombe chini. "Nawaonea, kaka. Lakini niambie, mzazi gani atakubali nimcheleweshee mwanawe dawa, nikae pembeni nione itakuwaje?" Kisha akanieleza kilichokuwa kikimnyima raha. Panya aliyepewa dawa mapema alitulia. Aliyecheleweshwa, dawa ileile, kipimo kilekile, ilikuwa kama amechomwa sindano ya maji matupu. "Na kwetu Kisarawe mtu akianguka watu wanakaa mbali wanasubiri," akasema. Huko alikuwa na mdogo wake wa kiume, mkulima, mwenye kifafa. Alimpelekea vidonge mwenyewe, na kila akienda aliwasihi ndugu wamshike akianguka, wamwahishe hospitali. Walimwitikia tu.

Basi tukaenda kuzika Kisarawe. Jeneza limeshateremshwa garini, watu tumekaa kwenye majamvi nyumbani kwao tukingoja kwenda makaburini, mdogo wake akaanguka. Nadhani katika hekaheka za msiba hakuna aliyekumbuka vidonge. Jamani, niliyoyaona yananikera mpaka leo. Watu wazima walinyanyuka wakarudi nyuma, wasomi na wasiosoma. Nilipopiga magoti nimlaze ubavu, mzee mmoja akanivuta shati. "Usimguse, mwanangu. Lile povu likikupata, na wewe unalo." Wengine wakasema tumwache, kitakatika chenyewe. Hakikukatika. Nikaomba gari. Mwenye Noah, mtu wa ofisini kama mimi, aliniambia bila haya kwamba ugonjwa utabaki kwenye viti na yeye ana watoto wadogo. Nilimtolea maneno makali, na sijutii hata moja.

Aliyekubali ni dereva wa gari lililomleta marehemu. "Mpandisheni," alisema, akisogeza mikeka. "Mimi nabeba wanaoogopwa kila siku." Nikakaa sakafuni, kichwa cha mgonjwa mapajani mwangu, tukaenda hospitali ndani ya gari la maiti. Sindano ya kwanza haikufanya kitu. Daktari aliuliza ameanza saa ngapi, nikaona aibu kumwambia.

Kilikatika baada ya dawa nyingine. Jioni akazinduka, maneno yakimtoka kwa shida, akauliza kama dada yake ameshazikwa. Nikamwambia tayari. Akauliza nani aliingia kaburini kumpokea, maana hiyo ilikuwa kazi yake. Sikujua. Nami sikuwepo.

Sasa nisikilizeni. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa kiti cha gari. Mtu akianguka mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na kikipita dakika tano hakijakatika, mpeleke hospitali hima, usikae kungoja. Nimechoka kusikia kwamba tunahitaji elimu. Pale msibani elimu ilikuwepo, iliyokosekana ni mikono ya kumshika. Tungembeba mapema, huenda sindano ya kwanza ingetosha, na mtu yule angerudi kumzika dada yake mwenyewe.