Boriti ya Mzee Walter

Watu wa Langley Park, huko Marekani, wakitaka mbuzi wa Idi, mtu wao ni Khalfan. Siku za kazi anasafisha ofisi Arlington, Jumapili anasomesha watoto Kurani, na kila Idi Kubwa anawapeleka watu shambani kwa Mzee Walter, mwendo wa saa nzima na zaidi kutoka mjini, wakachinje kwa mikono yao. Kwa hilo watu walimheshimu. Na heshima hiyo, jamani, aliigonga mwenyewe kwa lori.

Karibu na shamba hilo kuna njia ya mkato inayopita ndani ya daraja la mbao, la zamani mno, lenye kuta na paa kama nyumba iliyokaa juu ya kijito. Magari madogo hupita, malori huzunguka kwa barabara kuu. Kibao kinachosema hivyo ni kikubwa, hakihitaji miwani. Idi ya mwaka 2006 Khalfan alikodi lori, na jioni akirudi na nyama ya mbuzi kumi na wanne alikiona kibao vizuri tu. Akajiambia litapita.

Halikupita. Boriti ya mlangoni ilipasuka kwa kishindo, mbao tatu zikaangukia kijitoni.

"Baba Yumna, turudi tukamwambie mzee," alisema mkewe, Nunu, aliyekaa kando yake.

"Tukamwambie nini? Watu wanangoja, nyama itaharibika."

Kwa baridi ile ya Desemba nyama ingekaa wiki nzima. Khalfan alirudisha lori nyuma, akazunguka kwa barabara kuu, akaenda zake.

Idi iliyofuata walikuta daraja bado limefungwa. Mzee Walter aliwapokea kwa kahawa kama desturi yake, akamshika Khalfan bega mbele ya wenzake wote.

"Watu hapa walisema mliovunja daraja ni nyinyi," alisema. "Wakaitisha mkutano katika ukumbi wa kituo cha zimamoto, wakataka nisiwauzie tena. Nikawaambia namjua Khalfan miaka sita. Angekuwa yeye, angenigongea mlango siku ileile."

Nunu, aliyekuwa akiosha matumbo ya mbuzi, aliinua uso akamtazama mumewe. Khalfan alitahayari mpaka masikio yakamwaka moto. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini ule mkono ulikuwa bado begani kwake.

"Mzee Walter, ni mimi," alisema. "Lori nililiendesha mimi."

Mkono ukaondoka. Mzee akaweka kikombe chini.

"Jumamosi tunakutana tena ukumbini," alisema. "Uje."

Jumamosi Khalfan alivaa koti lake la Idi. Njia nzima alikariri maneno ya kuomba radhi, na moyoni alikuwa tayari kutukanwa. Alistahili. Lakini kabla hajaitwa, Walter, mzee wa miaka themanini, alisimama mbele ya majirani zake akavua kofia.

"Mwaka huu niliwaapia hapa jambo ambalo si kweli," alisema. "Nawaomba radhi."

Akakaa. Jina la Khalfan hakulitaja. Khalfan akaona maneno yake yote yameshasemwa na mtu asiye na kosa. Aliinuka, akaenda mbele kusema ni yeye, asijue aanzie wapi.