Pamba Nyingi Kwenye Boti Kavu

Nilikuwa kidato cha pili. Jina langu liliingia kwenye Klabu ya Ufundi kwa sababu mwalimu alizungusha karatasi darasani, na mimi niliona aibu kuipitisha bila kuandika kitu. Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Sikujua kwamba kazi ya klabu mwaka ule ni boti.

Ilikuwa imelala kifudifudi juu ya mawe, nyuma ya karakana ya shule, hatua chache kutoka ziwani. Mapadre waliokuwa wanaitumia zamani waliiacha hapo walipopata gari. Mbao zilikuwa zimekauka mpaka mwanga unapita katikati yake, na chini wanalala mbuzi. Siku ya kwanza niliambiwa niingie mimi kusugua mavi ya mbuzi, kwa kuwa nilikuwa mwembamba kuliko wote. Ndipo nikaona, kwenye ubao wa tatu, karibu na mbele, mikato mitatu mifupi ya patasi. Wa katikati ulikuwa mrefu kidogo.

Baba yangu alikuwa fundi wa boti kule Kibara. Kila boti aliyoimaliza aliikata hivyo kwa ndani, halafu anaosha mikono. Alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, baada ya kukohoa miezi miwili, na mimi nikaletwa Musoma kwa shangazi, mtaa wa Nyasho, ili nimalize shule. Nililala chali pale chini nikaangalia ile mikato. Nilitegemea nitalia. Sikulia, nikaendelea kusugua.

Jioni niliandika kwenye daftari langu: "Nimeona alama ya baba ndani ya boti ya shule. Kuna mbuzi wanalala humo. Shangazi amepata sabuni ya mche." Nikiisoma sasa naona sentensi zote tatu nimeziandika kwa mwandiko uleule.

Sikumwambia mtu. Haikuwa siri. Ila kusema kunataka sauti, na mimi mwaka ule hata nikiitwa jina kwenye mahudhurio nilikuwa nanyoosha mkono tu.

Mkuu wa shule alikuwa ametoa sharti lake: siku ya kufunga shule ikifika boti haijaelea, mbao zinakwenda jikoni. Kuni zilikuwa shida, na sisi tulikuwa tunakula mchana shuleni. Mpishi, mzee mmoja mwenye maneno, alikuwaga anakuja kutuangalia na mwiko wake mkononi. "Pakeni tu rangi wanangu," alisema. "Kuni ya rangi nayo inaivisha makande."

Mwalimu wetu alitoka Butiama, kwenye ukoo wa watu wa ng'ombe na mashamba. Alikuwa hajawahi kupanda boti, na alituambia hivyo yeye mwenyewe bila aibu. Lakini kwa mbao alikuwa mtu. Meza aliyoitengeneza ungeweza kumwaga maji juu yake yasipite hata tone. Alipenda kusema mbao mbili zikikutana, hata wembe usipate njia.

Misumari haikuwepo. Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kuwa na vitu tena, vitenge, redio, sabuni, lakini msumari wa boti hapana. Tukawa tunang'oa ya zamani kwenye madawati mabovu na kuinyoosha juu ya jiwe. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Niliipenda kwa sababu unaifanya umeinama.

Kitu ambacho hatukukikosa ni pamba. Mwenyekiti wa klabu, kijana wa Bunda, alisema kwao lori la kuchukua pamba halijaja tangu mavuno, imejaa nyumbani mpaka wadogo zake wanalala juu yake. Akaleta magunia mawili kwa basi. Wavulana walikuwa wanaisokota na kuigonga kwenye nyufa kwa nyundo na patasi butu, wanaongeza, wanagonga tena, mpaka ufa unakuwa mgumu kama mbao yenyewe. Mwalimu alipitisha kidole kila ufa. Alifurahi sana.

Mimi nilijua kwamba tunaiua.

Baba hakuwahi kuweka pamba kwenye boti kavu. Boti iliyokaa juani aliizamisha kwanza kwenye maji ya magotini, ameipakia mawe, akaiacha siku nne au tano. Mbao zikinywa maji zinavimba, na zikivimba zinalialia. Kila asubuhi alikuwa anakwenda kuweka sikio. Siku ikinyamaza anaitoa, ndipo anapitisha pamba nyembamba kama utambi wa taa. Ukiijaza pamba mbao zikiwa kavu, siku zikivimba hazina pa kwenda. Zinasukumana mpaka misumari inatoka. Haya yote nilikuwa nayajua, na nilikuwa nimekaa hapohapo na nyundo yangu.

Mara moja nilijaribu. Nikasema, "Mwalimu, si zitavimba?"

Mwenyekiti akadakia. "Jamani, dada wa misumari leo ameongea."

Wakacheka. Hawakucheka vibaya, ila walicheka wote. Mwalimu aliwaambia watulie, kisha akanigeukia akaniomba nirudie, hakunisikia.

"Nilikuwa nauliza kama misumari inatosha," nikasema.

Akasema inatosha.

Tuliishusha majini Ijumaa, wiki tatu kabla ya kufunga shule. Ilielea. Mwalimu alipangusa sakafu yake kwa kiganja, akatuonyesha kiganja kikavu. Mpishi alipiga makofi, akasema basi makande yataliwa mabichi. Mwenyekiti na wenzake walipiga kasia mpaka kwenye mwamba na kurudi, halafu wakaifunga kwenye mti. Mimi nilikuwa nimesimama na viatu mkononi. Ilikuwa imeshaanza kulia, kidogokidogo, upande wa mbele. Kila mtu alikuwa anaongea kwa hiyo hakuna aliyesikia.

Nyumbani shangazi alikuwa amepika sangara. Aliuliza furu, wale samaki wadogo wa zamani, wamekwenda wapi siku hizi, nikasema sijui. Niliandika: "Imeelea. Jumapili itapasuka." Nikalala vizuri tu.

Jumatatu asubuhi boti ilikuwa imekaa chini, maji yamefika ukingoni. Ubao wa tatu ulikuwa umechomoka mbele na kutoka mzima, misumari niliyoinyoosha mimi ikining'inia humo. Wavulana waliuvuta ufukweni. Kwenye paredi mkuu wa shule hakusema mengi. Alisema klabu imejitahidi, na kuanzia leo mpishi achukue mbao.

Mchana tulikula makande. Nilimaliza sahani. Nilipokuwa naosha sahani yangu bombani nilisikia sauti ya shoka jikoni, na miguu yangu ikaenda karakana. Sikuwa nimeamua. Mwalimu alikuwa anapiga randa kipande cha mbao ambacho hakikuwa na kazi yoyote.

"Mwalimu, ile boti inaweza kupona," nikasema.

"Nani kakwambia?"

"Aliitengeneza baba yangu."

Aliacha randa. Nikamweleza habari ya mawe, na maji ya magotini, na utambi. Niliongea nikiangalia maranda kwenye viatu vyake. Nadhani yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyosema muhula ule.

"Kwa hiyo ulijua itapasuka."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu gunia la kwanza."

Nilidhani atanipiga. Aliuliza baba yuko wapi, nikasema amekufa. Akasema pole. Akakaa kwenye benchi, akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Miezi mitatu nahangaika na boti," akasema, "na mtoto wa fundi mwenyewe nimempa anyooshe misumari."

Alikwenda kwa mkuu wa shule, akarudi na ruhusa ileile ya mwanzo, mpaka siku ya kufunga. Ndipo nikamwambia habari ya mikato mitatu kwenye ule ubao. Tukaenda jikoni pamoja.

"Ule ubao?" mpishi akasema. "Ule ndio umeivisha makande ya leo. Shoka mlilosikia hapa sasa hivi ni la gogo la kesho. Umenitoa machozi kwa moshi, ubao mbichi ule."

Mwalimu akamuuliza kama aliona alama yoyote.

"Ilikuwepo mikato, mitatu. Nikajua kuna mtu alijaribia panga." Alituangalia kwa zamu, mwalimu, halafu mimi. "Kwani vipi, mama?"

Nilikuwa naangalia majivu. Nilijiuliza kama sasa ndio nitalia, nikasubiri kidogo, nikaona wenzangu wanarudi darasani na mimi nikaenda.

Tuliitoa pamba yote. Ilitoka imeloa na nyeusi, magunia mawili, mwenyekiti akaianika juu ya nyasi. Ubao mpya tuliupata kwenye mlango wa stoo ya zamani, mvule mzuri, mwalimu akaukata kwa mkono wake na kuupigilia. Kisha tukaizamisha boti yote na mawe. Mpishi alibeba mawe kuliko mtu yeyote. Kila asubuhi kabla ya paredi nilikuwa naingia majini mpaka magotini na kuweka sikio, na wavulana walikuwa wananyamaza wenyewe. Siku ya sita haikulia.

Nilionyesha utambi unavyosokotwa. Ulipokwisha kuingia wote, mwalimu alinipa patasi. Alisema niweke alama ya baba kwenye ubao mpya, mbele palepale.

Niliishika. Ilikuwa ya moto kwa jua. Nikamwambia hapana, ubao huu hakuuweka yeye.

"Basi weka yako," akasema.

Nikasema sina. Nikamrudishia.

Siku ya kufunga shule ilielea, na Jumatatu yake nilipita peke yangu nikaikuta bado inaelea. Nilipanda, nikakaa mbele. Chini ya mkono wangu ubao wa mlango ulikuwa laini. Ulikuwa na tundu la kitasa, na mwalimu alikuwa ameliziba kwa kipande cha duara, hata wembe usingepita.