Gambuti za Mkosi Hazirudishwi

Mimi nauza gambuti. Nakaa Kahama, duka langu liko kwenye simu, na wateja wangu wako mashimoni: Bugarama, Mwakitolyo, na huko Geita kote kunakochimbwa dhahabu. Naweka picha kwenye status na kwenye ukurasa wangu, mtu anachagua saizi, analipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Ukimsikia mtu anasema biashara ya mtandaoni ni rahisi, muulize kama amewahi kumuuzia mchimbaji viatu.

Mtaji ulitoka kwa mama yangu, aliyeuza mtamba wake huko kijijini. Hakutaka maandishi wala shahidi. Alisema tu kwamba mvua za kupandia pamba zikinikuta bado nina gambuti ndani, nirudi nyumbani, jembe langu amelitunza. Jembe hilo nalijua, tumelala nyumba moja utoto wangu wote, na sina hamu nalo hata kidogo.

Mwanzo ziliuzika vizuri. Kisha zikaanza kurudi. Pea ya kwanza ilirudi kutoka Mwakitolyo ndani ya kiroba, na ujumbe kwenye simu: "Dada, hizi zina mkosi. Tangu nizivae, duara halijatoa kitu." Duara ndilo shimo lao la dhahabu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, nikamrudishia pesa yake, nikajiona mwema. Kumbe nimefungua zizi. Mmoja akarudisha zake akisema hazina nyota. Mwingine akaniandikia kwamba ya kushoto haina neno, ila ya kulia ndiyo yenye mkosi, je, anaweza kurudishiwa nusu?

Zilizorudi niliziosha nikazipeleka Nkome kwa bei ya mtumba, kwa wauza dagaa wa pale mwaloni, mitumbwi ya ziwani inaposhusha samaki. Wao mkosi wa dhahabu hauwahusu. Lakini bei ya mtumba haimrudishi mtamba, na mvua haikuwa mbali.

Ndipo nikaamua kuandika sera ya kurudisha bidhaa, kama maduka ya watu. Nikafungua ukurasa wa duka moja la ng'ambo nione wenzangu wanasemaje. Wanasema kiatu kirudi ndani ya boksi lake, na lebo yake, kiwe hakijavaliwa nje ya nyumba. Nikajiuliza ni mchimbaji gani anayejaribu gambuti juu ya zulia. Nikaufunga ukurasa wao, nikaandika ya kwangu, na mimi nikiwa na hasira naandika haraka.

Niliandika hivi: "Gambuti za duka hili hazina mkosi. Mkosi ni wa mvaaji. Atakayerudisha kwa sababu ya mkosi hatarudishiwa hata senti." Nikairusha kila mahali, nikanywa chai yangu kwa raha.

Wee! Simu ilinyamaza kama imefiwa. Hakuna oda, hakuna hata wa kuuliza bei halafu akapotea, wale ambao siku zote hawakosekani. Jirani yangu, mama anayepika chai na chapati upande wa pili wa uchochoro, ndiye aliyenifungua macho. Nilimsomea sera yangu kwa majivuno, naye hakuacha hata kugeuza chapati.

"Jirani," akasema, "mimi nikibandika hapa mlangoni kwamba chapati zangu hazina mende, wewe utakula?"

Nilinuna. Mtu akikwambia ukweli huku anakuuzia chapati, unalipa mara mbili. Sera sikuifuta, nilisema nikiifuta watanicheka. Mama yangu naye akapiga simu asubuhi moja, tukasalimiana mwangaluka zetu zote, habari za ng'ombe, habari za shangazi, mwisho akasema kwa upole kwamba huko wingu limeanza kukaa vibaya. Gambuti hakuzitaja. Nilipokata simu niliziangalia zilivyorundikana hadi kwenye dirisha, nikaogopa kwelikweli.

Yule wa pea ya kwanza alikuja mwenyewe, mchana. Alipojitambulisha kwamba ni yeye wa Mwakitolyo, nilimpa shikamoo kwa sababu ndevu zake zina mvi, lakini niliitoa kwa kuibana. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama zile zake bado zipo.

"Zile za mkosi?" nikamjibu. "Ziko Nkome, kwenye dagaa."

"Basi zinakula vizuri kuliko nilivyokuwa nakula mimi," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Akaketi kwenye kizingiti, akavuta pumzi.

"Dada, mkosi haukuwepo. Duara lilikaa muda mrefu bila kutoa kitu, na mpishi wa kambi akagoma kutukopesha chakula. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kurudisha kilikuwa miguuni. Sasa mwanamume mzima nikuandikie kwamba nina njaa? Nikasema mkosi. Mkosi kila mtu anauelewa, hauulizwi swali la pili." Akakuna ndevu. "Wiki hii tumepata kidogo, ndiyo maana nimekuja kununua tena. Ila ile sera yako waliisoma kambini kwa sauti. Mkosi ni wa mvaaji. Walicheka sana, na mimi nikacheka nao."

Nilitamani kiroba kimoja kinifunike. Wote wale, wa nyota na wa mguu wa kulia, nilikuwa nimewacheka na chapati mkononi.

Alichagua pea yake, akalipa, akaondoka nayo ikiwa miguuni. Mimi nikafuta sera yote nikaandika nyingine, fupi: "Gambuti zirudi zikiwa zimeoshwa. Sababu haiulizwi. Pesa inarudi siku hiyohiyo, kabla ya saa saba mchana."

Jirani alisema sasa zitarudi zote, nimejimaliza. Zilirudi chache tu. Oda zikaanza tena, Mwakitolyo kwanza, kisha Bugarama, na mvua ilipofika kwa mama mimi nilikuwa nimebakiza saizi za watoto. Alinitukania wingu kwamba limechelewa, halafu akaanza kuniuliza bei za mitamba.

Wateja wapya huniuliza kwa nini saa saba, kwa nini isiwe jioni kama maduka mengine. Nawaambia ndiyo sera. Pea ikirudi na basi la asubuhi, naacha kila kitu natuma pesa kwanza, maana kule kambini wanapakua chakula saa saba.